Heenmenike Aingia Pangoni

Heenmenike alikuwa na viatu vya watu wanne mikononi simu ilipolia. Alikuwa mkwewe, kutoka hospitali ya Kandy.

"Mama, wanamwingiza Dilhani chumba cha upasuaji sasa hivi. Ni moyo wenyewe wanaoupasua."

Akavipanga viatu kwenye rafu, kila pea na namba yake. Ilikuwa siku ya mwezi mpevu, siku takatifu ya Wabuddha. Tangu alfajiri watu waliovaa nyeupe walikuwa wakiupanda mwamba, wakimwachia viatu na kuingia peku kusali kwenye mapango ya hekalu. Miaka yote ya kazi ile, siku kama hii yeye hakuwahi kuingia.

"Bosi, niingie mara moja," alimwambia Wijepala, mwenye tenda ya kutunza viatu. "Binti yangu anapasuliwa."

"Leo? Na umati huu? Utaingia jioni."

"Jioni watakuwa wameshamaliza."

"Mama, Buddha amelala humo miaka elfu mbili. Haendi popote."

"Yeye haendi. Dilhani je?"

Wijepala akageuza uso. "Ukiingia, usirudi hapa. Wanaoitaka kazi hii wamejaa tele."

Heenmenike akamtazama. Kisha akavua ndara zake, moja kamba yake imeshonwa kwa uzi wa nailoni, akamkabidhi mikononi.

"Basi nishikie na hizi."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mwanamke mmoja akachomoa yungiyungi kwenye fungu lake la maua, akampa. "Nenda, dada. Asikutishe huyo!"

Ndani kulikuwa na ubaridi na harufu ya mafuta ya nazi yanayoungua. Buddha wa jiwe alilala ubavu, ukuta hadi ukuta, na watu walikuwa wamejazana upande wa kichwani. Heenmenike akaenda miguuni. Nyayo zilikuwa kubwa kumshinda, zimepakwa rangi nyekundu, hazijawahi kuvaa kitu. Akaweka ua, akapiga magoti.

"Thawabu yoyote niliyopata kwa kuwahudumia wanaokuja kwako," akasema, bila kunong'ona, "yote iende kwa Dilhani. Mimi sibakizi hata chembe."

Nje sauti ya Wijepala ikapaa. "Heenmenike! Namba sabini iko wapi? Watu wananipigia kelele!"

Msichana aliyekaa karibu akamgusa. "Bibi, unaitwa."

"Nasikia."

Akavuta ncha ya sari yake begani, akakaa vizuri zaidi. Juu, kwenye mwamba uliochorwa, tone la maji lilikuwa likijikusanya, likinenepa taratibu, bado halijaanguka.