Taa Zilizokataa Kuzimika

"Zima taa!" mtu alipaza sauti kutoka safu ya nyuma yetu. Ilikuwa mara ya tatu, na sasa aliongeza honi.

Nilikuwa nazima. Nilikuwa nimebonyeza kila kilichobonyezeka katika lile gari la kukodi. Viti vikapata joto. Sauti ya mwanamke kutoka kwenye mashine ya gari ikatuuliza tunataka kwenda wapi. Taa za mbele ziliendelea kuwaka, na pale kwenye skrini kubwa ya sinema waigizaji wakawa wamepauka kama waliofuliwa kwa jiki.

"Brenna, zima, watu wanakereka," baba alisema.

"Nazima, Baba."

"Huzimi. Si naona?"

Tangu mama afariki, baba anaishi kwangu Arizona. Kila jioni hukaa dirishani na kulalamika: mahindi ya huku hayana utamu, mvua ya huku ni ya kuhadithiwa tu. Mimi huosha vyombo na kunyamaza, kwa sababu na mimi naikumbuka Ohio, kwetu, mpaka kifua kinaniuma. Kisha tukasikia kwamba sinema ya magari ya kwetu, ule uwanja wa kando ya mashamba ambako watu hutazama picha wakiwa ndani ya magari yao, itabomolewa mavuno yakiisha, lijengwe ghala. Baba hana tabia ya kuomba kitu. Siku ile alisema, "Ningependa kuona picha moja pale, ndani ya gari, kabla hawajaibomoa." Nikakata tiketi za ndege kabla hajabadili mawazo.

Na sasa tulikuwa pale, na honi zilikuwa zimefika tano, sita.

Mwanamume mwenye kofia alishuka kwenye pikapu ya jirani, akagonga kioo changu. Mimi watu wakinitazama tu, ulimi hunikauka.

"Dada, mnatuharibia picha. Kwani nyinyi mmetoka wapi?"

"Hapa hapa!" baba akadakia. "Nimezaliwa maili mbili kutoka hapo uliposimama."

"Mbona namba za gari ni za Michigan?"

Baba aligeuka kunitazama polepole. Watu wa Michigan ni majirani zetu wa kaskazini, na kwetu mtoto hujifunza kuwazomea kwenye mpira kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mezani pale uwanja wa ndege nilipewa ufunguo, nikashukuru, wala sikuangalia nyuma ya gari.

"Umeniletea gari la Michigan," baba alisema. "Nyumbani kwangu. Binti wa kumzaa mwenyewe."

"Ndiyo maana halisikii," yule mwanamume alisema, akacheka, akarudi zake.

Nilivua sweta nikafunika taa moja, nikachukua koti la baba nikafunika nyingine. Upepo ukalipeleka koti chini ya gari la watu. Nililitambaia kuliokota huku watoto wakinishangilia, machozi ya hasira yakinilenga. Basi nikarudi nikalizima gari lote. Taa zikafa. Redio nayo ikafa, na sauti ya picha huja kwa redio ya gari tu.

"Ama tuone, ama tusikie," baba alisema. "Hili ndilo gari la kisasa."

Nilishuka tena. Nilipita mbele ya magari yale yote, kichwa chini, mpaka kwenye pikapu.

"Samahani. Unaweza kufungua madirisha na kuongeza sauti? Baba yangu ametoka mbali."

"Mzee wa Michigan?" alisema, lakini tayari alikuwa anaongeza sauti.

Kwa muda mfupi mambo yakawa sawa. Baba alikula bisi. Vimulimuli vilikuwa vinawaka juu ya mahindi, nje ya ua. Nikaanza kupumua.

Kisha mvua ikanyesha.

Pikapu ilifunga madirisha, la kwanza, la pili. Sauti ikakatika. Kioo chetu kikajaa maji, na nikiwasha gari nifute, taa zitawaka. Nilipiga usukani kwa kiganja.

"Nimekuharibia, Baba. Safari yote hii!"

Baba alikuwa ameinama mbele, akimkodolea macho mwanamke mkubwa mwenye ukungu aliyekuwa akilia kwenye skrini.

"Huyu anasema amesahau kuzima jiko," baba alisema.

Nilimtazama. Pesa ilipokuwa haba, nilipokuwa mdogo, tulikuwa tukiegesha barabarani, nje ya ua, tunaona picha bila sauti. Baba ndiye aliyekuwa akiwasemea waigizaji wote, akiwatungia maneno, huku mama akimwambia anyamaze.

"Na yule mwanamume wa farasi?" niliuliza.

"Yule? Anasema angefika mapema, ila kakodishiwa farasi wa Michigan."

Bado nilitamani kulipiga teke lile gari. Nikasogeza bisi katikati yetu, nikamwuliza Baba yule mwanamke anajibu nini.