Kitanda Kisafi Kuliko Vyote

Wazazi wa wodi yangu waliniita Mama Usafi, na sikukasirika. Nililistahili jina hilo. Kila Jumanne nilipowafundisha wajawazito kwenye mabenchi ya kliniki, nilieleza kunyonyesha, kupanga uzazi, dalili za hatari, yote, lakini nikifika kwenye usafi ndipo sauti ilipopanda. Kitambaa kikilowa kibadilishwe papo hapo, kilichotumika asikione mtu, na mimi nikipita nisikute uchafu kitandani kwa mwanamke mzima. Walicheka. Nilidhani tumeelewana.

Katika kundi hilo alikuwemo fundi cherehani mmoja, mimba yake ya kwanza, binti mpole asiyekosa somo hata moja. Siku ya kujifungua alifika na rundo la vitambaa alivyovipinda pindo mwenyewe, akiwa na mama yake mdogo, aliyemlea tangu mama mzazi alipofariki. Alijifungua saa mbili asubuhi mtoto wa kike mwenye kilio cha kuamsha mtaa. Kondo la nyuma lilitoka zima. Nilimhamishia kitanda namba nne nikiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi yake vizuri.

Kazi ilikuwa haijaisha. Saa za mwanzo baada ya kujifungua ndizo zinazoua wanawake, na hilo nalijua kama ninavyolijua jina langu. Kila robo saa mkunga anatakiwa aweke mkono tumboni, asikie kama mfuko wa uzazi umekaza, kisha aangalie damu. Siku ile tulikuwa wawili tu zamu nzima, na mwenzangu alikuwa na mama mwingine anayesukuma. Basi nikafanya kama tunavyofanya tukizidiwa: nilipita, nikainua shuka, nikatazama kitambaa, nikaandika. Cha kitanda namba nne kilikuwa cheupe. Robo saa iliyofuata, cheupe. Iliyofuata, cheupe tena.

Nikawasema na wenzake. Niliwaambia wa kitanda cha tatu na cha tano wamtazame huyu, mzazi wa mara ya kwanza anawashinda ninyi wenye watoto wanne. Fundi alitabasamu. Midomo yake ilikuwa imepauka, nikaiona, nikasema moyoni ni uchovu tu.

Ilipokaribia saa nne alianza kupiga miayo. Aliomba maji, akamaliza kikombe, akaomba kingine. Nilimshika mkono kuhesabu mapigo. Ulikuwa wa baridi, na mshipa ulikwenda mbio kuliko nilivyopenda. Nilimuuliza kama damu inatoka nyingi. Akasema hapana, Sista, ni ya kawaida. Mtu anayezaa kwa mara ya kwanza ataijuaje ya kawaida? Swali hilo najiuliza leo. Siku ile niliinua shuka, nikaona weupe, nikaandika kwamba damu ni kidogo, nikaenda kumsaidia mwenzangu.

Aliyeniita ni mfagiaji. Alisimama mlangoni na fagio lake, amenuna kama kawaida yake.

"Sista, nani anafua huko nyuma? Mfereji wote umekuwa mwekundu."

Nilitoka kwa mlango wa nyuma nikamkuta mama mdogo ameinama bombani, mikono imezama kwenye beseni. Kwenye kamba alikuwa ameanika vile vitambaa vyenye pindo nzuri. Nilihesabu kumi na viwili, na beseni lilikuwa bado halijaisha.

"Mama, vyote hivi ni vya leo?"

"Vya leo, Sista. Anabadilisha kila akisikia viatu vyako." Alisema kwa fahari kabisa. "Hataki ukute uchafu."

Nilirudi mbio. Nilipoweka mkono tumboni, lilikuwa laini kama unga uliozidi maji. Nilikandamiza, na damu iliyojikusanya ndani ikatoka kwa mabonge, ikalowesha shuka na godoro, ikanimwagikia miguuni. Nilipiga kelele niletewe sindano, dripu, daktari. Nililisugua tumbo lile mpaka mabega yakaniwaka moto. Yeye akafumbua macho kidogo.

"Samahani, Sista. Nimechafua."

Nimetukanwa sana katika kazi hii. Hakuna tusi lililowahi kuniuma kama maneno hayo.

Daktari alitoka chumba cha upasuaji saa nane mchana. Alisema yu hai, ameongezewa chupa nne za damu, lakini ilibidi mfuko wa uzazi uondolewe. Hatazaa tena. Na hata huo uhai bado hawezi kuuahidi mpaka siku mbili tatu zipite. Mama mdogo alikuwa amekipakata kichanga kifuani, akasikiliza yote. Daktari alikuwa na hasira, kwa sababu habari za vitambaa zilikwishamfikia, akamgeukia mbele yangu.

"Mama, nani alikuambia ufiche damu?"

Mama mdogo alinitazama. Kisha akautazama mlango wa chumba cha upasuaji, ambako mwanawe angetolewa na kurudishwa wodini kwangu, kwenye zamu yangu, mikononi mwangu. Nikamwona anavyopima.

"Hakuna, daktari. Ni ujinga wangu mwenyewe."

Daktari alitikisa kichwa, akaniambia niandike hivyo kwenye faili. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilichomoa kalamu mfukoni, nikafungua faili. Kisha nikaandika: ndugu wa mgonjwa alificha damu. Mama mdogo alingoja mpaka nikamaliza, akanishukuru, akaniomba nimwangalie mwanawe vizuri.