Nusu Kilo ya Bibi wa Nkoma

Mwalimu Generoza alikuja Nkoma kuaga siku ambayo Milembe alikuwa shambani, kajifunga kiroba kiunoni, anachuma pamba. Alishuka kwenye pikipiki pale njia panda, akakatisha katikati ya mistari na viatu vyake vya kanisani, gauni kalikusanya mkononi ili lisinase kwenye vikonyo vya pamba.

"Mwadila, mayu," akasalimia kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola tu, mkwe wangu. Nimeletewa tiketi."

Milembe hakuacha kuchuma. Alijua ni tiketi gani. Tangu Violeth apate ujauzito wa tatu, ilikuwa inasemwa kwamba bibi mmoja atakwenda Uholanzi kumpokea mtoto na kuwalea wakubwa wawili. Violeth alikuwa binti wa Generoza, na mume wake, Paschal, alikuwa mtoto wa Milembe, mwanaume pekee aliyemzaa. Kwa miezi mitano Milembe alikuwa anajiambia kwamba Paschal hawezi kumsahau aliyemsomesha kwa pamba na ng'ombe, mpaka akafika huko kwenye kiwanda cha maziwa alikoajiriwa. Paschal hakumsahau. Alimpigia simu akamweleza taratibu kwamba mzazi akijifungua humtaka mama yake, na Milembe akajibu, "Sawa, mwanangu," kisha siku mbili hakula vizuri.

"Ukafike salama," akasema sasa.

Generoza akafungua mkoba, akatoa daftari. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka thelathini na nne, na hata baada ya kustaafu hakuweza kwenda popote bila daftari. "Begi langu limejaa, lakini nimekubakizia nafasi yako. Wajukuu ni wetu sote. Unaweza kuwapelekea kitu, ila kisizidi nusu kilo. Violeth kanionya: nyama, maziwa na mbegu vitachukuliwa uwanja wa ndege. Nimeandika hapa. Kisiwe kizito, kisivunjike, kisimwagike, kisioze."

"Nusu kilo," Milembe akarudia.

"Nusu, mkwe wangu."

"Mimi nilikuwa nimewawekea samli. Chupa mbili. Na michembe ya viazi debe zima."

"Samli itamwagika. Na wataikamata."

"Basi waambie bibi yao wa kuumeni hana kitu chepesi." Akageukia mche mwingine.

Generoza alisimama pale kidogo, akasema ndege ni Jumapili kutoka Mwanza, na Jumamosi atakuwa nyumbani Bariadi mchana kutwa. Akarudi kwenye pikipiki yake.

Siku zilizofuata roho ilimfukuta Milembe. Akichota maji anamwona Generoza kamshika mkono Kabula. Akisonga ugali anamwona anamwogesha Luhende. Kabula alikuwa na miaka saba, Luhende minne, wote wawili wamezaliwa hukohuko na Milembe hajawahi kuwagusa. Na jina la Kabula lilikuwa la mama yake Milembe mwenyewe, mwanamke aliyezikwa hapohapo Nkoma, nyuma ya zizi. Generoza hakuwa hata Msukuma. Alikuja Bariadi kufundisha tu akitokea Bukoba, akaolewa, akabaki, na mpaka leo Kisukuma chake kilikuwa cha kuazima.

"Mama, peleka chochote," bintiye Monika akamwambia Ijumaa jioni. Monika ndiye aliyebaki naye nyumbani. "Watoto hawapimi kwenye mzani."

Jumamosi Milembe akaamka alfajiri, akapanda gari la Bariadi. Sokoni aliingia dukani kwa Mayige, akataka kuona vitu vya watoto. Mayige akamwekea gari la plastiki, mdoli wa kike mwenye nywele za njano, bunduki ya maji.

"Ni vya watoto walio Ulaya," Milembe akasema.

Mayige akacheka. "Sasa mayu, hivi si ndivyo vinavyotoka hukohuko? Mdoli huyu utakuwa unamrudisha kwao!" Akafikiri, akavuta boksi chini ya meza. "Chukua maputo. Pakiti nzima haifiki uzito wa yai. Hayavunjiki, hayaozi. Mtoto wa nchi yoyote ukimpulizia puto atakukimbilia."

Milembe aliinunua pakiti ile kwa aibu. Njia nzima mpaka nyumbani kwa Generoza alikuwa ameifumbata kwenye kiganja kama mtu aliyeokota kitu cha mwenzake.

Kwa Generoza palikuwa na watu kama kuna harusi. Akina mama wa jumuiya walikuwa ukumbini wanakunywa chai. Generoza akamkumbatia Milembe, akampeleka chumbani kwake ambako begi lilikuwa wazi kitandani.

"Umeleta nini, mkwe?"

Milembe akafungua kiganja.

"Maputo! Hilo sikulifikiria hata mimi," Generoza akasema, akaiweka pakiti pembeni mwa begi. Labda alisema kweli. Milembe alisikia kejeli. "Na mimi ngoja nikuonyeshe yangu." Akatoa kifuko cha nailoni, akamwaga vitu juu ya shuka.

Vilikuwa bangili tatu za shanga, za kuvutika, ndogondogo, zimetungwa kwa rangi za kupendeza. Katikati ya kila moja palikuwa na shanga nyeupe zenye herufi. Moja ilisomeka KABULA. Nyingine LUHENDE. Ya tatu haikuwa na jina bado, herufi zake zilikuwa kwenye karatasi zikimsubiri mtoto azaliwe.

"Wiki mbili nimetunga, na macho yenyewe haya," Generoza akasema. "Ukizishika huzisikii hata uzito."

Ukumbini wakamwita: katekista Januarius amefika, sala ya kumwombea safari inaanza. Generoza akazirudisha bangili kifukoni, akakichomeka kwenye begi, akatoka haraka. "Njoo, mkwe, tusali."

"Natangulia kuvua viatu," Milembe akajibu, jibu lisilo na maana, na akabaki.

Alilitazama lile begi. Jina la mama yake lilikuwa mle ndani, limetungwa na vidole vya mtu mwingine, linakwenda kufungwa kwenye mkono wa mtoto ambaye mama yake angempenda kupita wote. Kabula mdogo atakua akijua kwamba jina lake lilitoka kwa bibi wa Bariadi. Mkono wa Milembe ulikwenda wenyewe. Kifuko kilikuwa chepesi kweli. Alikifunga kwenye pindo la khanga, akalichomeka pindo kiunoni, akaenda ukumbini kusali, na aliposema "Amina" sauti yake ilitoka juu kuliko za wengine.

Usiku ule alikificha chini ya godoro. Hakujuta. Ukweli ni kwamba alilala vizuri kwa mara ya kwanza tangu tiketi ifike.

Jumatano Paschal akapiga simu ya video, kama kila Jumatano. Monika akaishika simu yake mbele ya mama yake, na nyuso zikajaa kwenye kioo: Paschal, Violeth na tumbo lake, watoto wawili waliokuwa wanarukaruka, na Generoza katikati yao, kavaa sweta la kijivu, mkono wake mmoja uko begani kwa Kabula.

"Msalimieni bibi," Paschal akasema.

Luhende akatumbua macho. "Bibi wa simu!" akapiga kelele.

Kila mtu akacheka. Milembe naye akacheka, lakini lile neno lilimwingia kama mwiba wa mgunga. Generoza alikuwa Bibi. Yeye alikuwa Bibi wa simu.

"Mkwe," Generoza akasema akisogelea kioo, "zile bangili nilizokuonyesha, unakumbuka nilizirudisha kwenye begi?"

Milembe akajibu bila kupepesa macho: "Mimi niliona unazishika. Baada ya hapo tuliitwa kwenye sala."

"Sizioni. Nimepekua begi lote mara tatu. Ningekula kiapo kwamba nilizirudisha." Generoza akapitisha mkono usoni. "Nadhani nimeanza kama mama yangu. Alianza hivihivi, na vitu vidogovidogo."

Simu ilipokatika Milembe alijisikia raha, raha ya mtu aliyekuwa na njaa akapewa kijiko kimoja. Basi hata mwalimu anapoteza.

"Hukuona maputo yako?" Monika akamwuliza. "Yalikuwa yamejaa nyumba nzima kule nyuma. Luhende alikuwa analikimbiza la kijani muda wote."

Milembe hakuyaona. Alichokiona ni ule mkono uliokuwa begani kwa Kabula.

Mtoto alizaliwa wiki iliyofuata, wa kike, salama. Siku ya nne baada ya hapo Violeth akampigia Milembe mwenyewe, sauti imechoka.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto ananyonya?"

"Ananyonya. Mama, nataka nikuulize. Huko nyumbani uliwahi kumwona mama yangu anasahau mambo?"

"Kwa nini?"

"Tangu zile bangili zipotee, hayuko sawa. Halali. Anaamka kuhakikisha jiko limezimwa, anarudi tena, anarudi tena. Paschal alimpeleka kwa daktari, daktari hajaona kitu, lakini yeye haamini. Na mtoto hamshiki, mama. Hajamshika hata mara moja. Anasema anaogopa atamweka mahali amsahau. Amesafiri mbali kote huku, anakaa kwenye kiti anamtazama mjukuu kama mgeni." Violeth akaanza kulia. "Mama yake alifika mahali hakumjua mtu. Ndicho anachokiogopa."

Milembe alikuwa amekaa kwenye kigoda, marobota ya pamba yamepangwa nyuma yake hadi kwenye paa. Alitafuta ile raha ya Jumatano hakuipata. Alijua kumtazama mjukuu bila kumshika kunavyouma. Yeye alikuwa nao watatu. Lakini yeye alitenganishwa nao na nchi na bahari, na Generoza alitenganishwa na wake na kifuko cha nailoni kilichokuwa chini ya godoro, hatua kumi kutoka pale alipokaa.

"Mpe mama yako simu," akasema. "Atoke nje nayo. Nataka kuongea naye peke yake."

Alisikia mlango, kisha upepo. "Mkwe wangu," sauti ya Generoza ikaja, nyembamba.

"Mama Violeth, hukusahau kitu. Ulizirudisha kwenye begi. Nilizitoa mimi."

Akaendelea kabla hajajibiwa.

"Zipo hapa kwangu. Niliona jina la mama yangu, roho ikaniuma. Ulipokwenda kwenye sala nilizichukua. Kichwa chako ni kizima. Mwenye ugonjwa ni mimi."

Milembe akaibana simu sikioni.

"Nilikuuliza," Generoza akasema. "Nilikuuliza mbele ya watoto wangu, ukaniangalia usoni."

"Ndiyo."

"Siku kumi na moja, Milembe." Hajawahi kumwita kwa jina lake tupu namna ile, na Milembe alilipokea kama mtu anayepokea fimbo anayoistahili. "Siku kumi na moja najiona chizi. Nimekwenda kwa daktari mzungu, ananiuliza leo ni siku gani, ananichorea saa. Mtoto analia namkimbia! Kwa sababu ya wivu wako!"

"Ndiyo, mama."

"Na ulisali. Nilikusikia unasali."

Akakata.

Monika alikuwa mlangoni, ungo mkononi. Alikuwa amesikia yote. Alikwenda chumbani, akainua godoro, akatoka na kifuko, akakiweka mapajani kwa Milembe kwa namna iliyouma kuliko matusi. Jumatatu Milembe alikwenda posta Bariadi, akakituma kwa bahasha ndogo yenye karatasi moja. Kwenye karatasi Monika aliandika alichoambiwa: "Bangili hizi zilitungwa na bibi yenu Generoza. Mimi nilizichelewesha." Karani alipoiweka bahasha kwenye mzani mshale haukusogea hata kidogo.

Simu haikupigwa Jumatano ile. Milembe alikaa na Monika mpaka giza, simu iko katikati yao juu ya mkeka. Wala Jumatano iliyofuata. Ikapigwa Jumapili, mchana, na kilichotokea kwenye kioo kilikuwa uso mmoja mdogo mwekundu, macho yamefumba, mdomo unatafuta ziwa. Chini ya kichwa kile ulikuwepo mkono wa mtu mzima, mkavu, wenye mishipa iliyotokeza, umekikamata imara. Milembe aliujua mkono ule.

Wivu ukampanda palepale. Haukuwa umekwenda popote. Ulikuwa unamwuma vilevile kwamba mkono si wake, na alijua utaendelea kumwuma. Lakini mtoto alikuwa ameshikwa.

"Ana paji la nani?" akauliza.

"La Paschal," sauti ya Generoza ikajibu kutoka nyuma ya simu. Uso wake hakuuonyesha. "Amelia usiku kucha."

"Mlaze kifudifudi juu ya kifua chako, umkande mgongoni. Paschal ndivyo alivyokuwa ananyamaza."

Kioo kikayumba, kikaonyesha dari, kisha sweta la kijivu na kisogo cha mtoto juu yake. Mtoto akaanza kulia, na mkono ule ukamkanda mgongoni. Kilio kikapungua kidogo.

"Narudi mwezi wa tisa," Generoza akasema. "Nitakuja huko Nkoma. Tutaongea mimi na wewe, na maneno yangu hayatakufurahisha."

"Njoo," Milembe akasema. "Nitakuwepo."