Kiti cha Tatu

Siku Bi Kitana alipoingia saluni na muswada kwapani, Wifi alidhani ni magazeti ya zamani ya kufutia vioo. Akanyoosha mkono achane ukurasa mmoja. Nusura akatwe vidole.

Bi Kitana akamwambia aziheshimu karatasi zile, maana zimemtoa jasho siku tatu. Akaziweka juu ya kabati la mafuta, akafunga aproni, akaanza kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Lakini Wifi alimfahamu. Akinyamaza hivyo, kuna jambo linapikwa.

Tuwafahamu kwanza hawa wawili. Bi Kitana alipewa jina hilo na wateja kwa sababu kitana hakimtoki kichwani. Hata msibani ataonekana nacho kimechomekwa kwenye nywele, akiulizwa anasema amesahau, na kesho utamkuta nacho tena. Wifi alikuwa dada wa mumewe. Kwa kuwa Bi Kitana alimwita wifi kutwa nzima, wateja nao wakadaka, hata wale wa umri wa kumzaa, mpaka jina alilopewa na baba yake likabaki kwenye cheti tu. Alirudi kwa kaka yake baada ya mumewe kwenda mbali kutafuta kazi, akapata kazi na mke mwingine juu yake. Alikuja na binti mmoja, sanduku moja na uso uliokunjamana. Mwaka mzima aliosha vichwa vya watu na kufumua nywele za zamani. Halafu, miezi minne iliyopita, Bi Kitana akanunua kiti cha tatu, akakiweka dirishani, akamwambia, "Haya, kiti chako hicho. Mbona unakaa wewe? Mkalishe mtu." Wifi alilia siku ile, akasingizia dawa ya nywele.

Sasa, huo muswada. Redio ilitangaza kwamba Baraza la jimbo limeandaa muswada wa mapato na matumizi, na kila mwananchi anaweza kuchukua nakala, aisome, kisha aje atoe maoni. Tangazo hilo lilisikika mtaa mzima, na mtaa mzima ukasubiri liishe ili muziki uendelee. Bi Kitana peke yake ndiye aliyevaa viatu. Siku ya kwanza aliambiwa mwenye ufunguo hayupo. Siku ya pili ufunguo ulikuwepo, mwenyewe ndiye hayupo. Siku ya tatu karani akamuuliza ametumwa na nani, naye akajibu ametumwa na redio yao. Akapewa nakala moja, kurasa tisini na sita zilizobanwa kwa kibanio kimoja kilichochoka.

Nani wa kuzisoma? Mikono ya msusi iko kwenye nywele tangu asubuhi mpaka jioni. Halafu lugha yenyewe ya sheria, jamani, sentensi moja inaanza mtu akiwa na njaa na inaisha ameshashiba na kulala. Mtu mwingine angekata tamaa. Lakini akili ni nywele, kila mtu ana zake, na Bi Kitana aliona kitu kilichokuwa mbele ya macho yake miaka yote: mtu anayesukwa hukaa saa nne, tano, hana pa kwenda. Hawezi kukimbia na nusu kichwa. Basi kila mteja aliyekaa akawekewa muswada mapajani na kuambiwa asome kwa sauti.

Wa kwanza alikuwa Mwalimu, wa shule ya msingi ya jirani, ambaye alisoma kama anayetoa imla, mpaka mkato na nukta akavitaja. Akafuata Nesi, akasoma mbio mbio kama mtu mwenye wagonjwa sitini wanaomsubiri. Kila mmoja alianzia mwenzake alipoishia. Bi Kitana alisuka huku akisikiliza, na kila pale maneno yalipojifunga fundo alisema "rudia hapo", wakarudia, akauliza hilo neno "isipokuwa" linamtoa nani na kumbakiza nani. Watu wakaanza kuja na miwani. Mama mmoja aliyekuja kuoshwa tu alikaa mpaka alasiri kusikia mwisho wa sehemu ya bei ya maji. Saluni iliyokuwa ikijua nani kaachika na nani kaolewa, sasa ikajua jimbo linatumia kiasi gani kwa mafuta ya magari ya wakubwa, na maneno yakawa makali kuliko ya talaka.

Na Wifi? Wifi alikuwa kwenye beseni lake, maana wa kukalia kiti chake bado walikuwa wachache. Shule aliiacha darasa la nne, na tangu hapo yeye na herufi wanasalimiana kwa mbali. Hakuna aliyempa ukurasa, na yeye hakuomba. Alisikiliza tu, siku tisa mfululizo, wakati povu likimshuka viwikoni.

Siku ya saba alisoma mama mmoja mpole, mfanyakazi wa posta, aliyetaka mistari myembamba iliyolala upande wa kushoto. Akafika kwenye kifungu kinachosema kila kiti anachokalia mteja wa huduma ya mwili kitalipiwa ada ya mwaka. Kiasi chenyewe kilitajwa. Wifi alipiga hesabu kichwani: ni sawa na yote anayoyaingiza yeye kwa miezi mitatu, kabla hajala. Bi Kitana akasema rudia hapo, na mama wa posta akarudia. Baada ya hapo, katika watu saba waliokuwepo hakuna hata mmoja aliyethubutu kutazama upande wa dirisha. Bi Kitana akachana nywele za mteja wake kwa nguvu mpaka mteja akalalamika.

Wifi alielewa. Wala hakuhitaji kuelezwa. Kiti cha kwanza kilikuwa cha mwenye saluni, cha pili cha msichana mmoja fundi kweli kweli, aliyekaa pale miaka sita. Ukipunguza kiti, unapunguza kipi? Aliwaza ada ya shule ya binti yake, akawaza atakavyorudi kuwa mzigo wa kaka yake, naye kaka yake ni fundi bomba ambaye hata kazi zake mwenyewe haziko kila siku. Usiku huo hakula.

Bi Kitana hakusema kitu juu ya kiti. Alichosema ni kwamba watakwenda kutoa maoni, wote, na atakayemwambia ana kazi nyingi atamsuka kwa kumvuta. Mpango wake ulikuwa mmoja tu na aliuamini sana. Namba za vifungu hazimkai, lakini vichwa havimtoki. Ukimuuliza habari ya ada ya soko, atakwambia imo kwa yule wa mistari minane mwenye kovu kisogoni. Kwake muswada wote ulikuwa umeandikwa juu ya vichwa vya wateja. Siku ya siku angesimama mbele ya kamati, atazame ukumbini, amnyooshee kidole mwenye kichwa chake, naye asimame aseme kifungu alichosoma.

Mpango mzuri. Ila wanawake ni wanawake, na ukumbi wa Baraza si mahali pa kwenda na nywele za wiki mbili. Siku mbili kabla ya kikao walimiminika saluni, kila mtu anataka kufumua na kusuka upya, apendeze mbele ya wakubwa. Bi Kitana alifurahi, kazi imekuja. Alisuka mpaka vidole vikafa ganzi. Aliyefumua ni Wifi, vichwa kumi na saba kwa mkono wake, na kati yao wote hakuna aliyefikiri kwamba kilichokuwa kinafumuliwa ni kumbukumbu.

Ukumbi ulijaa. Mezani walikaa wanakamati watano, mwenyekiti wao mzee mwenye miwani iliyoshuka puani, na pembeni karani na saa yake. Masharti yalisomwa: dakika tano kila mtu, na maoni yasiyotaja kifungu hayaandikwi. Wafanyabiashara walitangulia. Mmoja akapaza sauti kwamba kodi zinawaua. Mwenyekiti akauliza, kifungu gani? Akajibu vyote. Karani akaweka kalamu chini. Wa pili vilevile, na wa tatu. Wifi alikuwa amekaa safu ya nyuma, karibu na mlango, na aliiona kalamu ile ikilala mezani mara tatu.

Akaitwa Bi Kitana. Alitembea kwa madaha, akasalimia, akasema amekuja kwa habari ya ada ya viti. Mwenyekiti akauliza kifungu gani. Bi Kitana akageuka kutafuta ile mistari myembamba iliyolala kushoto.

Akaona vichwa kumi na saba vipya. Vinang'aa, vimepambika, kila kimoja kazi ya mikono yake, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kile. Wifi aliuona uso wa wifi yake ukibadilika, akajua palepale kilichotokea. Mama wa posta mwenyewe alikaa katikati akimtazama kwa matumaini, nywele zimepandishwa juu zote, wala hakujua kwamba ndiye anayetafutwa. Alichosoma alishakisahau, alisoma tu, kama mtu asomavyo barua za wengine. Bi Kitana akafungua mkoba, akautoa muswada. Kibanio kikaachia. Kurasa tisini na sita zikatapakaa sakafuni, zimelowa mafuta ya nywele, na wanawake wakainama kuziokota bila mpangilio. Mtu fulani mbele akacheka. Karani akasema zimebaki dakika tatu.

Kile kicheko ndicho kilichomuudhi Wifi. Mwanamke yule alizungushwa siku tatu kwa ajili ya karatasi zile, akawasomesha watu sheria ambayo wengine pale mbele pengine hawakuifungua, halafu achekwe? Alipojitambua alikuwa ameshasimama.

"Kifungu cha thelathini na moja," akasema. "Kifungu kidogo cha pili."

Mwenyekiti akauliza ni nani huyo, jina lake limo kwenye orodha? Bi Kitana, akiwa bado amepiga magoti kwenye karatasi, akasema muda ni wake na amempa wifi yake. Mwenyekiti akatazama wenzake, akaashiria aendelee.

Wifi akafumba macho. Hakukisimulia kifungu, alikisoma, neno kwa neno, kutoka mahali palipokuwa na sauti ya maji na mama wa posta. Kila atoaye huduma ya mwili kwa malipo atalipa ada ya mwaka kwa kila kiti, benchi, stuli au kochi, bila kujali ukubwa wa biashara. Akakisoma mara mbili, kwa sababu siku ile kilirudiwa. Mwenyekiti alikuwa amefungua nakala yake na kufuata kwa kidole. Kidole hakikupata kosa la kukisimamisha. Wifi akaendelea, maana sasa maneno yalikuwa yanakuja yenyewe: jedwali la nne, mstari wa saba, fedha zitokanazo na ada hiyo zitatumika kununua viti vipya vya ukumbi wa Baraza. Wanakamati wawili wakaanza kupekua kurasa haraka haraka, na ukumbi ukaangua kicheko, safari hii upande mwingine.

Karani alikuwa ameshika kalamu.

Mwenyekiti akavua miwani. Akauliza, wala si kwa ubaya, ada hiyo inamgusa yeye vipi.

Hilo halikuwa limesomwa na mtu yeyote pale saluni. Wifi akafumbua macho, akaona watu wote wale, akatamani beseni lake.

"Saluni yetu ina viti vitatu," akasema. "Ikija ada hii, kimoja kitatoka. Hakuna wa kulaumiwa, hata ningekuwa mimi mwenye saluni ningekitoa. Kiti cha tatu ni mimi."

Karani aliandika, akaandika kwa muda mrefu, na saa yake ikapita dakika tano bila yeye kuitazama.

Wiki tatu baadaye muswada ukapita. Tusidanganyane, mengi yalibaki vilevile. Bei ya maji ilipanda, na mafuta ya wakubwa hayakuguswa. Lakini Mwalimu alileta nakala ya sheria yenyewe na kuwasomea, pamoja na nukta zake: mwenye viti visivyozidi vinne hatalipa ada. Wateja wakapiga vigelegele mpaka fundi viatu wa jirani akaja kuuliza nani kaolewa. Kila aliyeingia siku hiyo alitaka kumshika Wifi mkono, na Wifi akaona haya, akaenda kuosha taulo zilizokuwa safi.

Jioni walibaki wawili. Bi Kitana akafagia nywele sakafuni, akafagia tena palepale, kisha akaegemea ufagio.

"Nilishampata mtu wa kukinunua kile kiti," akasema. "Tangu wiki ile kifungu kiliposomwa. Sikujua nitakwambiaje."

"Najua," Wifi akasema. "Yule aliyevaa njano. Alikuja kukiangalia, nikamwosha nywele mimi mwenyewe."

Bi Kitana akauweka ufagio ukutani, akaenda dirishani, akakaa kwenye kiti cha tatu, akaanza kufumua nywele zake. Akamwambia Wifi aje amsuke.

Wifi akamkumbusha kwamba yeye akisuka, mistari bado inapinda.

"Nimeiona," Bi Kitana akasema. "Suka."