Dhiraa ya Bimkubwa

Panya aliyekutwa akielea birikani alikuwa mdogo, lakini alimnyima Bimkubwa raha. Birika lile la duara, nyuma ya msikiti wa Chokocho upande wa wanawake, alilijenga yeye kwa saruji iliyonunuliwa kwa kibali na jasho la kuchuma karafuu, liwe sadaka ya bintiye Moza aliyefariki katika uzazi. Kila aliyetawadha pale, thawabu ilikuwa ya Moza.

Sheria ya maji inajulikana. Yakitimia kulateni, kile kipimo cha mitungi miwili mikubwa, najisi isiyoyageuza haiyadhuru. Yakipungua, panya mmoja keshayaharibu. Birika la duara hutimia likiwa na upana wa dhiraa moja na kina cha dhiraa mbili na nusu. Bimkubwa aliyajua hayo tangu utotoni, na ndivyo alivyomwagiza fundi Ngwali.

Mwalim Duni, aliyesomesha hisabati skuli na fiqhi chuoni, alipima birika, akapima tena. Akamuuliza fundi alitumia dhiraa gani. Ngwali akainama. Alitaka kutumia ubao wake wa kupimia, alisema, mwenye sadaka akakataa.

"N'lin'ambia apimie nkono wangu," Bimkubwa akasema. "Nkono huu ndo ulonlea Moza."

Na Bimkubwa, Mungu hakumjaalia kimo. Dhiraa ya kitabuni, toka kisigino cha mkono, pale unapokunjika, hadi ncha ya kidole, ni upana wa vidole ishirini na vinne. Mkono wake ulipolazwa juu ya ubao ukafika ishirini na kimoja.

Wanawake wakaguna kuwa vidole vitatu si kitu. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hawakutuonya kuwa haba na haba hukipunguza pia. Mwalim akawaeleza taratibu: duara limepungua huku na huku, na kina nacho kimepungua, kwa hiyo upungufu ule umekata mara tatu. Theluthi nzima ya maji haimo. Sala za siku ile zirudiwe.

Bimkubwa akakaa chini penye tope.

"Basi mwanangu hakupata kitu?"

Mwalim akachutama mbele yake. "Nia yako ilitimia, mama. Yalopungua ni maji."

Kupanua birika ni kulivunja, basi Ngwali akapandisha ukuta, akaongeza nusu ya kina cha mwanzo, safari hii kwa ubao wake. Saruji ilipokauka likajazwa mpaka juu, na wanawake wakarudi kutawadha.

Bimkubwa alikwenda wa mwisho. Ukingo ulimpita mabega. Akanyoosha mkono ule ule, vidole vikagusa saruji, maji hakuyafikia. Jirani yake Mize akamchotea kwa kata bila kuambiwa.

"Moza angefika," Bimkubwa akasema. "Alikuwa nrefu, kafata babaake."

Akakinga viganja, akatia nia, akanawa.