Unyayo wa Bibi

Rafiki aliyeahidi kulalia kitanda cha mtihani aliingia mitini asubuhi ile ile, na mwanafunzi wa ukandaji akabaki hana mwili wa kuonyeshea. Nyumbani alikuwepo bibi yake tu, mama wa mama yake, naye hakuhitaji kubembelezwa.

"Nilale mimi, nikandwe mimi, halafu cheti upewe wewe? Twende, mume wangu!"

Darasani alipanda kitandani kwa madaha, akajivutia shuka hadi kifuani, miguu nje. Msimamizi wa mtihani akasogea. Wanafunzi walimwita Mama Jiwe, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuyaona meno yake.

"Mwili una aina nne kuu za tishu," alisema. "Zionyeshe kwenye mguu huu."

"Tishu?" Bibi akadakia. "Mbona mimi sina mafua?"

Mwanafunzi akauma ulimi asicheke. Akajipaka mafuta viganjani, akaanza na ngozi ya juu: hiyo ndiyo tishu ya kufunika, seli zake zimebanana hazina hata upenyo. Huku akieleza, kidole gumba kikateleza katikati ya unyayo.

Lo! Bibi alipasua kicheko, dirisha likaitika. Mguu ukaruka, ukaipiga chupa ya mafuta, nayo ikabingirika hadi kwenye viatu vya Mama Jiwe.

"Unanitekenya, mwehu wewe!"

Darasa zima hoi. Mwanafunzi alijua ndiyo basi tena, kwaheri cheti.

"Kimya!" Mama Jiwe alisema. "Wewe, eleza kilichotokea."

"Bibi ametekenyeka."

"Kwa lugha ya mtihani."

Akavuta pumzi, na maneno yakamwagika yenyewe. "Nimegusa tishu ya kufunika. Tishu ya neva ikapeleka habari mpaka kwenye ubongo, ikarudi na amri. Tishu ya misuli ikajikunja, mguu ukaruka. Na hili hapa," akalishika kano la kisigino, "ni tishu unganishi, linaufunga msuli kwenye mfupa. Hata mfupa wenyewe ni tishu unganishi. Na mafuta ya mwilini! Na damu!"

"Na aibu," Bibi akauliza akijifuta machozi, "inakaa kwenye tishu ipi?"

Mabega ya Mama Jiwe yakaanza kutetemeka. Akageukia ukutani, wapi! Kicheko kikamponyoka, chembamba, cha kwikwi, na meno yote nje. Darasa likapiga makofi.

"Umefaulu," alisema alipopata sauti. "Mchukue bibi yako kabla hajanibomolea chuo."

Mwanafunzi akamkumbatia bibi yake, mikono ingali na mafuta, akirukaruka kama mtoto. Bibi hakubanduka.

"Niende wapi? Mguu mmoja umelainika, mwingine mkavu kama gogo. Mnataka nitembee upande?"

Mama Jiwe akavua saa, akakunja mikono ya gauni.

"Wewe shika mabega," akamwambia mwanafunzi. "Mguu huu niachie mimi."