Firigisi ya Kanga

Mukendi hakumwonea wivu rafiki yake Arsène kwa sababu ya pikipiki, wala kwa ile kazi yake nzuri ya ufundi huko Kakanda. Alimwonea wivu kwa sababu ya firigisi moja.

Jumapili hiyo Arsène alileta kanga aliyemtungua kwa bunduki angani, na Clotilde, mke wa Mukendi, akampika kwa karanga. Wakati wa kupakua akaichukua firigisi na kuiweka kwenye sahani ya mgeni. Mukendi alidhani macho yanamdanganya. Kwao Kasai firigisi ni ya mwenye nyumba. Baba yake aliila maisha yake yote bila mtu kuuliza ni nani aliyemchinja kuku.

"Papa Carmel, usikasirike," Clotilde alicheka, akimwita mumewe kwa jina la mtoto wao. "Ile kanga, ni yeye aliiangusha."

Eti asikasirike! Wiki tatu nzima Mukendi alikula bukari, ugali wa kwao, bila kuisikia ladha yake. Bunduki wanayowindia wote wawili ni yake, aliirithi kwa baba yake. Kibali ni chake. Hata kartushi za bunduki hununua yeye. Tatizo ni kwamba kanga hapendi kuruka. Hukimbia kwanza, kundi zima, shingo mbele, kama watoto waliofunguliwa darasani, na Mukendi miaka yote huwapiga hapo hapo chini wakiwa wamesongamana. Clotilde akiwanyonyoa hukuta miguu imevunjika na nyama imejaa mchanga, na si mwanamke wa kunyamaza. Arsène yeye husubiri waruke.

Jumamosi wakatoka tena kwa pikipiki ya Arsène, wakaipita Kamatanda mpaka kwenye nyasi zilizoungua. Kartushi zilikuwa zimebaki mbili, wakakubaliana kila mtu moja. Mukendi akatangulia, akaapa moyoni kwamba leo na yeye atangoja. Kundi la kanga likakimbia, likasimama, likakimbia tena, na kidole kikamwasha vibaya sana. Mwishowe wakanyanyuka wote kwa kelele. Akafyatua. Wote wakaenda zao salama salimini.

"Ulipiga nyuma yake," Arsène alimwambia taratibu. "Unapashwa kupiga mbele, kwenye iko inaenda."

Mukendi akampa bunduki. Kukosa kulimuuma, lakini kufundishwa na mtu huyu, tena kwa sauti ya upole, kulimuuma zaidi. Nusu saa baadaye kanga mmoja aliyekuwa amejificha akaruka karibu yao, akapita juu ya vichwa. Arsène akaiinua bunduki bila haraka, kama mtu anayefungua dirisha la nyumbani kwake, na ndege akaanguka puu hatua chache kutoka kwenye viatu vya Mukendi.

Arsène akamshusha mlangoni kwake Kikula na kumwachia ndege. "Umupe Maman Carmel. Kesho, kisha misa, nitakuya kula."

Clotilde akaketi uani na beseni la maji moto, akanyonyoa. Chini ya kifua akakuta marisau, zile chembe za risasi.

"Hii ilipigwa yenye kuruka," akasema. "Ni ya Arsène?"

Jina hilo, na jinsi alivyolitamka! Mukendi akajigonga kifua.

"Ni yangu."

"Vraiment? Weye?"

"Miye."

Clotilde akacheka kwa furaha, akamshika shavu kwa mkono uliojaa manyoya. Mukendi hakukumbuka mara ya mwisho kushikwa shavu ilikuwa lini.

Jumapili, Arsène akiwa amekaa mezani, Clotilde akaiweka firigisi kwenye sahani ya mumewe. "Leo inaenda kwa mwenyewe. Arsène, uliona? Alipiga yenye kuruka!"

Mukendi akainamisha uso. Arsène akisema kweli, basi yeye ameumbuka mbele ya mkewe, kwenye meza yake mwenyewe.

Arsène akamtazama kidogo. "Niliona, Maman Carmel. Ilikuwa muzuri sana."

Ingekuwa nafuu angesema kweli. Sasa Mukendi alimwonea wivu hata huo moyo wake, maana yeye angekuwa mahali pa Arsène angepiga kelele mpaka majirani wasikie. Akaing'ata firigisi ili yaishe. Jino likagonga kitu kigumu. Akakitema kwenye ukingo wa sahani, kikalia ti.

"Ona!" Clotilde akapiga makofi. "Plomb yako hiyo!"

Mukendi akaiangalia ile chembe nyeusi ya risasi. Bunduki yake, kartushi yake, sahani yake, mke wake.

"Plomb ni yangu," akasema. "Kanga ni ya Arsène. Miye nilikosa."

Clotilde akashusha mikono polepole. Mukendi akaichukua ile firigisi yenye alama ya meno yake, akaihamishia kwenye sahani ya rafiki yake, huku akiomba kwa roho yake yote kwamba Arsène, kwa adabu tu, ataikataa.

Arsène akasema aksanti, akaila yote.